Nani Kamwomba Msomaji Akosoe?

Mtunzi wa hadithi za mashabiki huwachukua wahusika wanaopendwa tayari, wa riwaya, filamu au katuni, akawatungia kisa kipya na kukiweka mtandaoni bure. Archive of Our Own, hifadhi ya hadithi hizi iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009, hairuhusu biashara ndani yake. Malipo ya mtunzi, basi, ni neno la msomaji. Neno hilo liweje? Hapo ndipo mashabiki wanapogombana.

Wapo wanaoshikilia kwamba usikosoe kama hujaombwa. Aliyenunua kitabu ana haki ya kulalamika, ila huku hakuna aliyetoa hata senti. Tena watunzi wengi ndio kwanza wanajifunza, wengine wanaandika kwa lugha waliyojifunza ukubwani, na hadithi hutoka sura baada ya sura. Lawama kali kwenye sura ya tatu inatosha kuifanya ya nne isiandikwe. Na mara nyingi mtunzi ameshampa rafiki anayemwamini aipitie rasimu kabla ya kuichapisha, hivyo masahihisho ya mgeni yanamfikia kazi ikiwa imekwisha.

Wanaowapinga wanajibu kwamba sifa zikimwagwa kwa kila kazi hazimwambii mtunzi lolote. Wanakumbusha pia kuwa wapo waliojifunza uandishi humu humu, kwa kuambiwa na watu wasiowajua kwamba wahusika wao wote wanazungumza kwa sauti moja. Hoja hiyo siipuuzi. Na hadithi ikiidhalilisha jamii fulani ya watu, kumwomba msomaji anyamaze kwa ajili ya adabu ni kumwonea. Lakini hilo ni suala la heshima ya watu, si la ufundi wa kuandika, na kulichanganya na makosa ya tahajia kunawapa wakosoaji wakali kisingizio wasichostahili.

Mimi naegemea upande wa kwanza, ingawa kanuni yao imeleta hasara wasiyoitaja. Wasomaji wamekuwa waoga. Wanabonyeza kitufe cha pongezi, kudos, na kuondoka. Na kwenye hifadhi ile kitufe hicho hukubali mara moja tu kwa kila hadithi, hata kama umeifuata sura ishirini. Wengine huandika tu “weka sura nyingine”, kauli ambayo mtunzi aliyechoka huisoma kama madai. Mtu anaweza kusomwa na mamia asijue hata mmoja wao alicheka wapi.

Nadhani ugomvi huu umeng’ang’ania sifa na lawama hadi ukasahau kwamba msomaji anaweza kusimulia usomaji wake bila kutoa hukumu. “Nilikuwa na hakika dada yake ndiye aliyeiandika ile barua.” Sentensi hiyo haisifu wala haikosoi, lakini mtunzi akiisoma anajua papo hapo kama mtego wake umenasa au kama amempoteza msomaji bila kukusudia. Wattpad, tovuti nyingine ya kuchapisha na kusoma hadithi, ambako msomaji anaweza kuacha maoni kwenye aya yenyewe, huonyesha jambo hili vizuri: mshtuko, swali au kicheko hukaa pale pale kilipozaliwa. Maoni ya namna hii hayahitaji utaalamu wowote, na ni vigumu sana kumvunja mtu moyo kwayo.

Mtunzi naye ana wajibu. Mwanzoni mwa sura kuna nafasi ya kuweka dokezo. Aseme humo anachokihitaji. “Nisahihisheni” haitoshi. Je, anataka kuambiwa kuhusu lugha, kuhusu mwendo wa kisa, au kama wahusika bado wanafanana na wale wa kazi ya asili? Asiposema, msomaji mwenye nia njema atabahatisha, na mtunzi atajikuta anasahihishiwa nukta wakati alitaka kujua kama kifo cha mhusika wake kimeaminika.