Vifungashio sio kila kitu

Kuna makala nimesoma inasema biashara ndogo ya kazi za mikono ikiacha mifuko ya plastiki ikafungia kwenye karatasi basi ishakuwa rafiki wa mazingira, mi hapo nakataa kidogo. Karatasi sawa, je kilichomo ndani? Chukua ngozi, nyingi zinazouzwa zimesindikwa zisioze kwa chumvi za kromu (kemikali ya metali) na yale maji ya kusindikia yakimwagwa hovyo mtoni ni balaa, ya kusindikwa kwa magome ya miti ipo ila inakula wiki kadhaa mpaka miezi ndo maana bei imechangamka. Hata rangi za asili watu wanazozisifia, nyingi hazishiki kwenye kitambaa bila shabu (ile ya kusafishia maji) au chumvi ya chuma, hizo zina unafuu, lakini kuna wanaoshikishia kwa kromu halafu wanaandika "asili" (eti!). Usiulize rangi imetoka mmea gani tu, uliza imeshikishwa na nini.

Alafu malipo makala imeyapita juu juu kabisa. Fundi analipwa kwa kipande, haya, kipande kimoja kinachukua saa ngapi? Pima na saa, gawanya malipo ya kipande kwa hizo saa, ndo utajua unamlipa au unamnyonya, na muda wa kufumua na kurudia uhesabu pia. Wengi wanaiga bei ya bidhaa za kiwandani alafu pengo analiziba fundi. Na mwenye biashara naye ajilipe jamani, wengi hawajiweki kabisa kwenye hesabu. Mwandishi akirudi aanzie hapo kwenye malipo, vifungashio tushaelewa.