Udadisi tunao, tumeupeleka kwa majirani

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya chama kimoja cha msingi, ushirika wa wakulima, huku kwetu Mtwara. Mbele yangu bibi mmoja, karatasi ya malipo ya korosho mkononi. Akauliza kwa adabu zote: "Mjukuu wangu, haya makato ya mstari wa tatu ni ya nini?" Karani hakuinua hata kichwa. "Bibi, umekuja kuchukua chako au umekuja kukagua mahesabu?" Foleni ikaangua kicheko. Bibi akakunja karatasi yake, akaifundika kwenye pindo la khanga, akaenda zake.

Karani simlaumu sana, nimeshawazoea. Kilichonichoma ni kile kicheko. Waliokuwa wanacheka wana mstari huohuo kwenye karatasi zao, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono akasema mimi naujua ni wa nini.

Na mtu asiniambie watu wa kusini hatuna udadisi. Binti wa mtu ashushwe na bodaboda saa nne usiku, uone. Kabla jua halijachomoza mtaa umeshaunda tume: bodaboda ya nani, ilitokea upande gani, na kwa nini hakushukia mlangoni kwao. Msibani ndiyo usiseme. Hata "poleni" haijakauka mdomoni, tumeshauliza marehemu alianza kuumwa lini, alipewa dawa gani, na jana yake alikula kwa nani. Ushahidi unakusanywa, unalinganishwa, shahidi anayejichanganya anabanwa. Upelelezi wa kiwango hicho tungeuhamishia kwenye mjengeko wa bei, yaani ile orodha ya makato, wa kangomba, walanguzi wanaonunua korosho kimagendo kwa bei ya kutupa, wangetafuta mkoa mwingine wa kwenda kuishi.

Kuna fundi mmoja namfahamu, anatengeneza mashine za kupulizia dawa mikorosho. Kibanda chake cha makuti, sakafu imejaa masizi na unga wa salfa, hiyo dawa yenyewe. Ukimpelekea mashine, haigusi kwanza. Anakuhoji. Ilizima ikiwa ya moto au ya baridi? Ilizima ghafla au ilianza kukohoa? Nani aliitumia mwisho? Siku hiyo alikuja kijana na mashine inayotoa moshi mzito, inawaka na kuzima. Fundi mwingine tuliyekuwa naye pale alishasema: kabureta hiyo, nunua nyingine. Huyu akauliza, "Oili unaipimia nini?" Kijana akasema kichupa. Kichupa gani? Kilekile cha siku zote. Kalete nikione. Kijana akapanda pikipiki kwa kunung'unika, akarudi nacho. Kumbe cha zamani kilipotea, mama yake akampa kingine kinachokaribia kukizidi mara mbili. Kwa hiyo petroli ilikuwa inalishwa oili kupita kiasi, plagi inalowa na kujaa masizi. Akaichomoa plagi, akaisugua kwa msasa, akamwaga ule mchanganyiko, wakapima upya. Mashine ikanguruma. Kabureta haikununuliwa.

Unajua vijana wa pale wanamwitaje? Mpelelezi. Wanamwita kwa kumkejeli, eti anauliza sana, anapoteza muda wa wateja. Yule wa "nunua nyingine" ndiye anayeonekana fundi wa kweli, kwa sababu ana jibu kabla hujamaliza kueleza. Hapo ndipo tulipofika: mwenye jibu la haraka ni mjuzi, mwenye swali ni mjinga. Halafu tunashangaa pesa za msimu zinaishia kwenye spea.

Hata hiyo salfa, wangapi wanapuliza alfajiri kwa sababu tu baba alipuliza alfajiri? Anayejua kwamba umande ndio unaushikisha unga kwenye majani na maua, na kwamba upepo bado haujaamka kuupeperusha, huyo siku akichelewa kuamka anajua anapoteza nini. Asiyejua anapuliza saa nne, upepo unabeba nusu ya mfuko kwenda kwa jirani, kisha anasema dawa ya mwaka huu ni feki. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wapo hapo hapo Mtwara, ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho unaotibiwa na salfa hiyo, wameuhangaikia miaka na miaka. Kuwauliza hakugharimu kitu.

Maofisini nisiseme mengi. "Ndiyo utaratibu" imeua kazi nyingi kuliko uvivu.

Haya, nakubali, yapo maswali ya kukera. Yupo mtu anauliza ili aonekane yupo, na wewe nyuma yake umesimama na jua linakuchoma utosi. Lakini hao wanajulikana, na bibi wa watu hakuwa mmoja wao.

Wakubwa nao wasijione wameponea hapa, maana kutouliza si ugonjwa wa wanakijiji. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wao wa karanga, Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Matrekta, wataalamu, mamilioni ya pauni. Kongwa udongo ukikauka ukawa mgumu hata mashine zinavunjika meno, mvua nayo haikufuata ramani yao. Wagogo waliokuwa wanalima pale wangeweza kuwaeleza habari za mvua ile kwa kikombe cha uji. Mwaka 1951 mradi ukazikwa. Sisi tukaachiwa bandari ya kina kirefu na reli iliyojengwa kubebea karanga zisizokuwepo. Bandari ipo, inabeba korosho siku hizi. Reli iling'olewa.

Najua atatokea mmoja aseme watu wana njaa, muda wa kudadisi makato watautoa wapi. Huyo mtafuteni jioni pale kijiweni. Anabishana Simba na Yanga kuanzia alasiri mpaka isha, anakumbuka nani alitoa pasi ya bao la mwaka juzi, dakika ya ngapi, na kipa alikuwa amesimama wapi.