Kopo, Friza na Patasi ya Fundi Seremala

Kwa miaka yote 57 niliyoishi Kigoma, swali la nyama nyumbani kwangu lilikuwa na majibu mawili tu, ipo au haipo, na kwa sehemu kubwa ya mwezi lilibaki na jibu moja. Hakuna aliyewahi kuniuliza nyama hiyo imetoka ndani ya nini. Siku hizi ninaulizwa kila jioni, na jibu lolote nitakalotoa huzua kesi.

Chanzo ni zahanati. Muuguzi mmoja, binti wa umri wa kitinda mimba wangu, alikitazama kipimo cha sukari, akanitazama mimi, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Shikamoo tena, mzee wangu. Sukari imepanda. Itabidi ujihadhari sana na wanga." Mimi naishi Mwanga, tena upande wa zamani, kwa hiyo nilimwelewa papo hapo. Nikamnong'oneza kwamba mtaani kwetu wamebaki wawili tu, wote wameshazeeka, na mmoja wao anaumwa miguu hata hatoki tena usiku. Ikambidi anifafanulie kwamba anazungumzia ugali, wali, chapati, mihogo, viazi na ndizi za kupika, yaani kila kitu ambacho sisi hukiita chakula.

Unga wa mahindi, aliniambia, katika kila gramu 100 una wanga wa takriban gramu 75, na ule wa muhogo tunaouenzi huku kwetu unazidi hapo. Niliyapokea maelezo hayo kama mtu anayesomewa hati ya mashtaka. Kilichonishinda ni hesabu ya sahani. Ugali ulipokuwapo, vipande viwili vya nyama vilitosha kabisa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuusindikiza ule mlima hadi tumboni. Mlima ulipoondolewa, vipande vile viwili vilibaki katikati ya sahani kama abiria waliofika stesheni wakakuta treni imeshaondoka. Kumbe ili mtu ashibe bila wanga, kitoweo sharti kiongezeke, na kikiongezeka sharti kiwe kinapatikana saa ile mtu anaporudi kazini akiwa na njaa.

Najua unachotaka kuniambia. Unataka kuniuliza mtu anayeishi kando ya Ziwa Tanganyika anatafuta nini kwenye makopo, ilhali dagaa wa Kibirizi hukaushwa kwa jua, hawana wanga, hawahitaji umeme wala ufunguo. Nakubali. Lakini dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa bei nayo hukomaa. Tena mwaka 2024 ziwa lilipopumzishwa kwa miezi mitatu ndipo tulipojifunza kuishi kwa nyama. Zaidi ya hayo, nyumbani kwangu kuandaa dagaa bila ugali huhesabiwa kuwa dalili ya msiba. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, jirani alipita akapiga hodi kutupa pole.

Bucha nayo haina huruma na mtu anayetoka kazini saa kumi na moja jioni. Steki huondoka asubuhi pamoja na wanaoamka mapema. Jioni hubaki mifupa, mafuta, na muuza nyama anayekuapia kwamba hiyo ndiyo sehemu tamu. Kijana wangu aliyeko Dar es Salaam akanipigia simu na kunishauri ninunue nyama ya kopo. Mama watoto akasema kopo ni chakula cha wanajeshi, suluhisho ni friza. Mimi, kwa kutaka amani, nikanunua vyote viwili, na tangu siku hiyo sijaiona hiyo amani.

Kopo la kwanza lilikuwa la nyama ya ng'ombe, gramu 340, lenye kiufunguo kimebandikwa ubavuni. Ufunguo ulizunguka mara mbili kwa unyenyekevu mkubwa, kisha ukakatika na kuacha mwanya mwembamba ambao ulitoa harufu nzuri na kukata vidole, lakini haukutoa nyama. Nilijaribu kisu, nikajaribu kijiko, hatimaye nikaenda kuazima patasi kwa fundi seremala wa jirani, ambaye aliniuliza ninatengeneza nini. Nikamjibu kwamba ninatengeneza chakula cha jioni.

Baadaye nilijifariji kwa kusoma. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimzawadia Nicolas Appert faranga 12,000 kwa kugundua namna ya kuhifadhi chakula kwa kukifungia ndani ya chupa na kukichemsha, na mwaka huohuo Peter Durand akapata hataza ya makopo ya bati kule Uingereza. Kifaa cha kufungulia makopo kilichobuniwa na Ezra Warner wa Marekani kilipata hataza yake mwaka 1858. Maana yake ni kwamba kwa karibu miaka 50 binadamu aliweza kukifungia chakula ndani ya bati lakini kukitoa ilikuwa kazi ya nyundo na patasi. Mimi bado naishi katika miaka hiyo 50, isipokuwa patasi si yangu.

Kopo la pili lilikuwa la nyama ya kusaga iliyoshindiliwa, na hili, kwa haki, lilifunguka kwa kuvuta pete tu. Nilikuwa nimeshakula nusu yake nilipovaa miwani nikasoma maandishi ya pembeni, yaliyochapwa kwa herufi za ukubwa wa mayai ya chawa. Baada ya nyama na maji yaliandikwa: wanga wa viazi. Nikaweka uma chini. Wanga wameingia hadi ndani ya kopo lililozibwa pande zote! Sasa mtu aniambie tena kwamba muuguzi yule hakuwa anazungumzia wale wa usiku.

Tangu hapo sinunui kopo lolote kabla ya kulisoma dukani, huku mwenye duka akinitazama kama ninayesoma gazeti bila kulipa. Nimegundua kwamba nyama ya ng'ombe ya kawaida ya kopo haina wanga wa kutisha, lakini chumvi yake ni msiba mwingine, kwa sababu kopo moja huweza kupitisha zile gramu 5 ambazo Shirika la Afya Duniani hutaka mtu mzima asizifikie kwa siku nzima. Sukari ikishuka kwa mlango wa mbele, presha inapanda kwa mlango wa uani. Hata hivyo sitalisingizia kopo. Nyama yake imepikwa humohumo ndani kwa mvuke wa nyuzi zipatazo 121, hivyo hukaa kabatini miaka bila kumdai mtu umeme. Ukilikaangia kitunguu, mchicha na mawese kidogo, bila kuongeza hata punje ya chumvi, ndani ya dakika kumi unakula. Kitu pekee ninachogombana nacho ni mama mkwe, ambaye alikuta kopo lililovimba akataka tulifungue tulinuse kwanza. Nilimweleza kwa adabu zote kwamba sumu inayoweza kuzaliwa ndani ya kopo lililovimba haina lazima ya kunuka. Akasema ukwe umenifanya mbahili wa pua.

Friza ilikuja kwa heshima kubwa, ikabebwa na vijana wanne. Kwenye karatasi, hakuna kitu kizuri kama friza: unaweka nyama kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, vijidudu vinalala, nawe unalala. (Havifi, tusidanganyane, vikipata joto huamka na njaa yao yote.) Tena nyama ya friza ni nyama tupu, haina chumvi ya mtu wala viazi vya mtu. Tatizo ni kwamba friza haikuja kuishi na mimi, imekuja kuishi na ukoo. Nusu yake ni barafu za ukwaju ambazo mama watoto huwauzia wanafunzi. Robo inakaliwa na kuhe mmoja wa shemeji kutoka Ujiji, samaki mwenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, aliyewekwa "kwa siku mbili tu" kabla ya mfungo. Mfungo umeisha, kuhe bado yupo, na kila nikifungua mfuniko tunatazamana.

Nyama yangu ilipata kona iliyobaki. Mama watoto aliitumbukiza kilo nne kwa pamoja, ikiwa bado na joto la bucha, ndani ya mfuko mmoja. Mmarekani Clarence Birdseye, alipokuwa kule Labrador katika miaka ya 1910, aliona kwamba samaki walioganda upesi kwenye baridi kali walibaki na ladha yao, kwa kuwa barafu ya haraka hufanya chembe ndogo, na ile ya polepole hufanya chembe kubwa zinazochana nyama kwa ndani. Kilo zangu nne ziliganda polepole kuliko faili la pensheni. Zilipoyeyuka zilimwaga maji mekundu nusu bakuli, na nyama iliyobaki ilitafunika kama kamba ya katani.

Lakini hayo ni ya baada ya kuyeyuka. Jioni ya kwanza nilihitaji nusu kilo, na mbele yangu palikuwa na jiwe moja la kilo nne. Panga liliteleza. Maji ya moto mama watoto aliyakataa, akasema nyama itaiva nje na kubaki mbichi ndani. Nikarudi kwa fundi seremala. Safari hii hakuniuliza kitu, alinipa patasi na nyundo yake.

Kisha umeme ukakatika. Friza iliyojaa, ikiachwa imefungwa, hushikilia baridi kwa takriban saa 48, na huu ni ukweli ambao niliutangaza nyumbani kwa sauti ya juu. Watu wote saba walinielewa vizuri, na kila mmoja kwa wakati wake akafungua mfuniko kuhakikisha kama kweli baridi bado ipo. Mama mkwe alihakikisha mara nne. Kufikia jioni ya pili tuliipika nyama yote pamoja na kuhe wa shemeji, na majirani wakaja kutusaidia kula, kila mmoja akiwa na adabu ya kutokuja mikono mitupu. Walileta ugali wa muhogo, sahani sita, ukifuka moshi. Nilikula nyama yangu nikiwa nimegeukia ukuta.

Jana fundi alimtuma mwanafunzi wake kuichukua patasi, kwa kuwa ana kitanda cha harusi cha kumaliza. Kijana alinikuta jikoni nimelikalia kopo, na mama watoto amesimama nyuma yangu na furushi la maini lililoganda, akisubiri zamu. "Shikamoo, mzee. Fundi anasema anaomba patasi." Nikamwambia avute kigoda akae, kopo limebakisha upande mmoja tu.