Kilembe: mto kwanza, shaba baadaye

Kila bei ya shaba na kobalti inapopanda duniani, mazungumzo ya kufufua mgodi wa Kilembe nayo yanapamba moto. Tani ngapi zimebaki chini, mwekezaji atakuwa nani, vijana wangapi watapata kazi. Mto Nyamwamba, unaopita katika bonde la mgodi huo, hutajwa mwishoni, ukitajwa. Mimi naona mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Pasitobolewe hata shimo moja jipya katika bonde lile kabla mabaki ya mgodi wa zamani hayajatulizwa na mto haujapewa nafasi yake.

Kilembe iko wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, ndani ya bonde jembamba linaloteremka kutoka milima ya Rwenzori. Uzalishaji ulianza 1956, mwaka uleule reli kutoka Kampala ilipofika Kasese. Mawe yalisagwa palepale bondeni, madini yakatenganishwa kwa kufanywa yaelee kwenye povu, makinikia (unga wenye madini yaliyotenganishwa) yakapanda treni hadi Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, na shaba ikaendelea hadi bandari ya Mombasa. Chini ya kampuni ya Falconbridge ya Kanada ulijengwa mji kamili: nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali, hata mtambo wa umeme kwenye mto Mubuku. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ikauchukua mgodi, vipuri vikaadimika, na 1982 uzalishaji ukasimama.

Hesabu inayosahaulika ni hii. Mawe ya Kilembe yalikuwa na shaba ya takriban asilimia 2. Katika kila kilo 100 zilizosagwa, kilo 2 tu ndizo zilizotafutwa. Hata ukitoa chuma na salfa vilivyosafirishwa ndani ya makinikia, sehemu kubwa mno ilibaki kama unga wa mawe, mamilioni ya tani, na ulimwagwa mahali penye tambarare. Katika bonde jembamba, tambarare ni ukingo wa mto. Matatizo yote ya leo yanaanzia hapo.

Ndani ya unga huo kuna pairiti, madini ya chuma na salfa. Ikiwa chini ya ardhi haina shida. Ikisagwa na kuachwa juani na mvuani, hewa na maji huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, na bakteria wanaoishi kwa kula chuma na salfa huiharakisha sana kazi hiyo. Asidi nayo huyeyusha shaba, kobalti, nikeli na zinki zilizosalia na kuzipeleka mtoni. Ukitaka kuiona kazi hiyo kwa macho, angalia kijito kinachotoka chini ya mlundo: mawe yake yana ganda la rangi ya machungwa, chuma kilichoganda baada ya maji makali kukutana na maji safi. Wakati wa kiangazi angalia uso wa mlundo wenyewe. Unatoa utando wa chumvi, mweupe mahali pengine na wa kijani hafifu mahali pengine. Utando huo ni sumu inayosubiri mvua.

Ndiyo maana vipimo vya maji vinavyochukuliwa katikati ya masika vinadanganya. Wakati huo mto umejaa na kila kitu kimezimuliwa. Maji mabaya zaidi hupita katika saa za mwanzo za mvua ya kwanza baada ya ukavu, chumvi zile zinaposombwa kwa mkupuo. Anayepima kwa nia njema huchukua sampuli siku hiyo, juu ya milundo na chini yake, akisoma pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) na uwezo wa maji kupitisha umeme papo hapo. Sampuli ya metali zilizoyeyuka huchujwa kwanza, ndipo ikatiwa asidi. Ukitanguliza asidi, inayeyusha hata chembe za udongo na jibu linapanda pasipo sababu.

Kasese mjini walionyesha kwamba kitu kilekile kinaweza kudhibitiwa. Pairiti yenye kobalti, kiasi cha tani milioni moja, ilikuwa imerundikwa huko tangu enzi za mgodi. Maji yaliyotiririka kutoka kwenye mlundo huo yaliua mimea na kuacha ukanda mtupu ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Kuanzia 1999 kiwanda cha kobalti kikaanza kuila pairiti hiyo kwa kutumia bakteria walewale, safari hii ndani ya matangi yenye hewa ya kupulizwa, na asidi ikazimwa kwa mawe ya chokaa. Chokaa ipo: saruji ya Hima inatengenezwa katika wilaya hiyohiyo.

Lakini chokaa peke yake haitamaliza kazi Kilembe, na anayeahidi hivyo hajapiga hesabu. Kwa kila asilimia 1 ya salfa iliyomo kwenye mabaki, tani moja ya mabaki inahitaji takriban kilo 31 za kalsiamu kabonati ili asidi yake yote izimwe. Mabaki yenye salfa asilimia 5 yanadai zaidi ya kilo 150 kwa tani. Zidisha kwa mamilioni ya tani uone. Dawa ya kweli ni kuizuia hewa na maji yasiingie: kulaza mteremko hadi mita 1 ya kimo kwa mita 3 za ulalo, kuchanganya chokaa kwenye sentimita 30 za juu, kushindilia udongo wa mfinyanzi, kisha kuweka udongo wa juu na nyasi. Vetiva inafaa sana, kwa sababu huvumilia asidi na metali na mizizi yake hushika udongo. Mikaratusi isipandwe juu ya kifuniko. Inaota haraka na picha zinapendeza, ila mizizi yake hutoboa mfinyanzi, na mti ukiangushwa na upepo unang'oa kifuniko na kuacha tundu la kupitishia maji. Kabla ya yote hayo, mfereji wa kukinga maji ya mlimani uchimbwe juu ya mlundo. Kifuniko kisicho na mfereji husombwa masika ya kwanza.

Sasa mto wenyewe. Mei 2013 Nyamwamba ulishuka na mawe makubwa, ukabomoa nyumba, madaraja na sehemu za hospitali. Mei 2020 ukarudi, na hospitali ikalazimika kuhamishia huduma nje ya bonde. Mvua ilikuwa kubwa, ni kweli, lakini kabla ya mafuriko ya 2013 moto wa mwaka 2012 ulikuwa umeunguza sehemu ya juu ya chanzo cha mto. Kule juu ardhi imefunikwa na kigoga (mimea midogo laini kama zulia) na matope mazito yanayonyonya maji kama sifongo. Kifuniko hicho kikiungua, maji hushuka yote kwa pamoja na kuyabeba mawe yaliyotulia kwa miaka mingi. Mto ukila ukingo, unakula mabaki ya mgodi, na mzigo huo unaishia kwenye vinamasi na Ziwa George, ambako wavuvi wa Hamukungu na Kahendero wanategea nyavu. Ziwa lenyewe ni la kina kifupi, wastani usiofika mita 3, na vinamasi vyake viliingizwa mwaka 1988 katika orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Jibu linalopendwa ni kupeleka tingatinga, kuchota mawe katikati ya mto na kuyarundika pembeni. Kwa wiki chache mto unaonekana umepanuka. Mawe hayo hayajafungwa na kitu, hivyo mafuriko yanayofuata huyachukua kwanza. Gabioni, vile vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, ni bora zaidi, ila huanguka kwa sababu tatu zinazojulikana. Maji huchimba chini ya mguu wake: zulia la gabioni linapaswa kutangulia mbele ya ukuta, urefu wake mara moja na nusu hadi mbili ya kina ambacho mto unaweza kuchimba. Udongo laini hupenyeza kati ya mawe na ukuta unabaki na pango nyuma yake: pawekwe kitambaa cha kuchujia au tabaka la kokoto. La tatu ni la Kilembe hasa. Maji yenye asidi hula zinki ya waya, kisha chuma, na kizimba kinafumuka. Penye mabaki, waya uwe umevikwa plastiki.

Bustani za bondeni nazo zinahitaji maneno ya wazi. Tafiti zilizofanywa Kilembe zimekuta metali za mgodi kwenye udongo na kwenye vyakula. Bustani isiwe juu ya mlundo wala mahali ambapo mafuriko yameacha mchanga wa kijivu. Mboga za majani zioshwe kwa maji ya bomba, maana vumbi lililoganda kwenye jani ni sehemu ya sumu. Udongo ukiwa na pH chini ya 5.5, chokaa ya kilimo hupunguza metali zinazopanda kwenye mmea. Hayo ni ya kupunguza hatari tu. Wenye mashamba yaliyofunikwa na mabaki wanastahili ardhi nyingine, wala si kipeperushi cha ushauri.

Kuna uchumi ambao tayari unaishi kwa bonde hili bila kulichimba. Njia ya Kilembe ya kupanda Rwenzori inaanzia Kyanjuki, juu kidogo ya mji. Unapita msitu mpaka kambi ya Sine kwenye takriban mita 2,600, kisha mianzi, kisha misitu ya miti ya erika iliyojaa kuvumwani zinazoning'inia kama ndevu, kisha mimea mikubwa ya lobelia na senesio. Kufika kilele cha Margherita, mita 5,109, na kurudi huchukua siku 7 hadi 8. Vaa mabuti ya mpira kwa ajili ya matope, panga Juni hadi Agosti mwanzoni au Desemba hadi Februari, na usiharakishe juu ya mita 3,000. Wapagazi na waongozaji ni wenyeji, Wakonzo wengi wao. Miezi hiyo mikavu inayowafaa wapandaji ndiyo ambayo erika inashika moto, kwa hiyo kupikia kuni kule juu kukomeshwe kabisa, wapagazi wapewe majiko ya gesi ya kutosha. Moto wa kambini unaweza kuwa mafuriko ya Kilembe mwaka unaofuata. Mgeni pia asiingie kwenye mahandaki ya zamani hata kama mlango uko wazi: paa halina nguzo, na pairiti inayooza humaliza oksijeni bila harufu yoyote.

Serikali inaposaini na mchimbaji yeyote, mkataba uwe na mambo mawili ambayo hayajadiliwi. Kwanza, fedha za kufunika milundo ya zamani ziwekwe benki kabla ya leseni kutolewa, kwenye akaunti ambayo mwekezaji hawezi kuichotea. Pili, mabaki mapya yarudishwe chini mgodini, yakichanganywa na saruji kujaza mapango yaliyochimbwa, na yanayobaki yapelekwe nje ya bonde. Akisema gharama hiyo inaua faida, basi shaba hiyo haijafikia bei ya kuchimbwa, ibaki ilipo.