Mawimbi ya plazima juu ya meza ya chai Tengeru

Jumamosi ya gulio pale Tengeru, karibu na Arusha, kijana anayesoma shahada ya uzamili alifungua kompyuta mpakato yake kwenye kibanda cha chai, akatuonyesha duara lenye mistari ya rangi iliyopinda kuelekea katikati. Yalikuwa mawimbi ya sumakuumeme yakiingia kwenye plazima iliyozingirwa na sumaku, ile gesi ya joto kali ambamo viini vya haidrojeni huunganishwa ili kutoa nishati. Mwalimu mstaafu wa fizikia akatazama, akapuliza chai yake. "Sasa mwanangu, maji yetu ya floraidi umemwachia nani?"

Haikuwa kejeli. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na visima vingi vya kuzunguka Mlima Meru vinakivuka. Meno ya kahawia ya watoto wetu ni ushahidi tosha. Vijana wanaoiweza hesabu ngumu ni wachache. Ukimpeleka mmoja kwenye mtambo wa Ulaya, umempunguza hapa.

Kijana alijibu kwa adabu: "Mwalimu, fizikia hii haidai maabara. Kompyuta inatosha."

Hoja inavutia, ila ni nusu ya ukweli. Chukua ITER, mtambo wa kuunganisha viini unaojengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa. Uga wake wa sumaku katikati ya plazima ni tesla 5.3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Kwa kila tesla moja elektroni huzunguka mara bilioni 28 kwa sekunde, ndiyo maana mawimbi ya kuzipasha joto yamepangiwa masafa ya kiwango hicho, gigahezi 170, yaani bilioni 170 kwa sekunde. Urefu wa wimbi hilo haufiki milimita 1.8. Kompyuta ikitaka kulifuata hatua kwa hatua, inahitaji nukta kama kumi ndani ya kila urefu wa wimbi, na plazima ile ina ujazo wa zaidi ya meta 800 za ujazo. Piga hesabu: nukta zinapita trilioni 140. Kila moja ibebe namba sita, tatu za umeme na tatu za sumaku, na kumbukumbu inayohitajika inakaribia petabaiti 7, yaani gigabaiti milioni 7. Ya kijana ina gigabaiti 16.

Kwa hiyo anachofanya ni kufuata miale, kana kwamba wimbi ni mwanga wa tochi unaopinda kadiri msongamano wa elektroni unavyobadilika. Si ujanja wa maskini. Hata wataalamu wa mitambo mikubwa hutumia njia hiyo kila siku, na kwa wimbi fupi kiasi hicho inafanya kazi vizuri. Tatizo lipo ukingoni, ambako plazima huchafuka na kuutawanya mwale, na pale ambapo wimbi linagonga msongamano lisioweza kuupita likarudi. Mawimbi ya kupasha ayoni, yaani vile viini vyenye chaji, ya megahezi 40 hadi 55, ndiyo usiseme: ni marefu mno kuitwa miale. Na akikosea, nani atamwambia? Tokamaki, yaani mtambo wa sumaku wa kuzingira plazima kama ITER, ya kumsuta haipo Arusha.

Hata hivyo simwambii aache. Mwalimu mwenyewe, bila kukusudia, ndiye aliyenibadilisha mawazo alipokumbuka redio yake ya masafa mafupi: usiku stesheni za mbali zinaingia, mchana zinapotea. Zilikuwa zinarudishwa na ionosfia, tabaka la juu la angahewa, nayo ni plazima ndani ya sumaku ya Dunia. Sumaku hiyo ni dhaifu, elektroni huzunguka kwa kama megahezi 0.9 tu, lakini milinganyo ni ileile. Tena sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati mbaya yenye faida: jua likizama, ionosfia hii huvurugika kiasi cha kuyumbisha ishara za GPS. Hapo kuna kipimo halisi, juu ya vichwa vyetu, kwa gharama ya kipokezi kimoja. Programu ikishindwa kueleza anga la Tengeru, sioni kwa nini niiamini kuhusu Cadarache.

Kuhusu floraidi, mwalimu bado ana haki yake, na kipokezi cha GPS hakimjibu.

Kijana hakukubali papo hapo. Alisema msimamizi wake anataka tokamaki. Betri ikaisha, mistari ikazimika. Mwalimu akaaga, akaahidi kuja na ile redio gulio la Jumatano, kama atapata betri zake.