Bendi moja, majina manne

Mzee alikuja saa nne asubuhi, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye kompyuta yangu. "Mwanangu, nitafutie NUTA." Nikaandika NUTA Jazz kwenye katalogi ya maktaba yetu. Hamna kitu. Nikajaribu Msondo, zikaja sidii tatu na kaseti moja. Mzee akachungulia, akaniuliza kwa upole tu: "Sasa si hao hao?"

Ndio hao hao. Bendi ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, NUTA. Chama kikageuka JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Ikaja OTTU, bendi ikafuata. Leo ni Msondo Ngoma. Mtu aliyekulia Ilala au Kariakoo humwambii hayo, anayajua. Kompyuta haijui mpaka uiambie.

Na hapo tusizisingizie kanuni za kuandaa katalogi. Tangu zile za mwaka 1978, zinazoitwa AACR2, bendi ikibadili jina, kila jina linapewa kiingilio chake kwenye katalogi, kisha unayafunga pamoja kwa "tazama pia". Kosa ni letu. Tumezoea kupakua rekodi za katalogi zilizokwisha tengenezwa Marekani au Uingereza, tunabandika namba ya rafu, tunakwenda kunywa chai. Rekodi ya Msondo nani atatutengenezea?

Lakini yapo mambo ambayo kanuni za zamani zilitubana kweli, na ndiyo maana nang'ang'ania tuhamie kwenye RDA, kanuni mpya zilizochukua nafasi ya AACR2. Zilitoka mwaka 2010, na Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kuzitumia rasmi tarehe 31 Machi 2013. Kwetu bado kuna maktaba zinazosema "tutaangalia".

Chukua ile kanuni ya watu watatu. Wahusika wakizidi watatu, ulimtaja wa kwanza, wengine ukawafunika na "na wenzake". Kwa kitabu cha uchumi, sawa. Bendi ya dansi je? Waimbaji wanne mbele, nyuma yao solo, ridhimu, besi, tumba, drams, na wapuliza tarumbeta na saksafoni. Huyo wa kwanza ni yupi? RDA inakuruhusu kuwataja wote, na kila mmoja ukasema alifanya nini: mtunzi, mwimbaji, mpigaji. Kwa taarabu hili ni kubwa zaidi, kwa sababu aliyeandika shairi, aliyetia muziki na aliyeimba mara nyingi ni watu watatu tofauti, na mjini anayejulikana ni aliyeimba. Kanuni za zamani zilimtazama kwanza mtunzi, kama vile kila mwanamuziki ni Beethoven.

Majina nayo yana kisirani chake. Ukifuata mazoea ya kugeuza, Marijani Rajab anakuwa "Rajab, Marijani". Sijapata kuona mtu Dar es Salaam akimtafuta kwenye R. Wanamtafuta kwa Marijani, au kwa Jabali la Muziki. Hayo yote yaingie kama njia za kumfikia.

(Kichekesho cha kazini: tukisema DDC, sisi tunamaanisha mpangilio wa Dewey wa namba za rafu, ambako muziki unakaa 780. Mgeni akaniuliza kama bendi ya Sikinde wana rafu yao wenyewe, maana na wao ni DDC Mlimani Park.)

Sasa mafaili. Kuna msamaria alituletea flashi yenye nyimbo za zamani alizozihamisha kutoka kwenye kaseti za nyumbani, zilizorekodiwa redioni. Faili moja linaitwa "wimbo mzuri 2". Lingine lina jina la mtoto wake. Zamani ulilazimika kuchagua neno moja la kuweka kwenye mabano baada ya jina la kitu: ni rekodi ya sauti au ni kitu cha kielektroniki? Wimbo ndani ya flashi ni vyote viwili. RDA imevunja swali hilo vipande vitatu: kilichomo ni muziki uliopigwa, cha kukisikilizia ni kompyuta, kilichobeba ni flashi. Wimbo huo huo ukiwa mtandaoni, unabadilisha cha tatu tu. Kisha ipo sehemu ya kuandika ulirekodiwa wapi na lini. Santuri nyingi za bendi zetu zilifyatuliwa Nairobi, kwa hiyo ukiiamini lebo peke yake, dansi la Dar linahamia Kenya.

Najua kisingizio kinachofuata: kuzisoma RDA mtandaoni kunalipiwa kila mwaka, kwa dola. Kweli. Lakini maelezo ya sehemu za MARC, muundo wa kuandikia rekodi za katalogi ili kompyuta izisome, ni ya bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na Koha, programu ya kuendeshea katalogi, haiuzwi. Vya kuanzia vipo. Ambacho hakitusubiri ni wazee wanaoijua sauti ya gitaa ni ya nani.

Yule mzee nilimwekea ile kaseti, nikampa karatasi na kalamu. Akasikiliza amefumba macho, akaandika majina saba. Alipofika kwa mpiga tumba akasita. "Huyu tulikuwa tunamwita kwa jina la utani tu."

Nimeliingiza hilo la utani.