Binti anataka kemia, wajomba wanataka ajira

Hapa Bagamoyo, binti akisema anataka kusoma kemia chuo kikuu, kikao cha wajomba hakichelewi kuitishwa. Famasi, wanamwambia. Au uuguzi. Kemia tupu utaajiriwa wapi? Vikao vya namna hiyo nimeshavikalia, na swali la wajomba si la kijinga hata kidogo: ada ni jasho la watu, na mhitimu asiye na kazi anarudi kula nyumbani. Ila jibu wanalolitoa silikubali, na anayenipa kiburi cha kuwapinga ni mwanamke wa Kiingereza aliyeonja utamu wa kemia Khartoum.

Dorothy Hodgkin alizaliwa Cairo mwaka 1910. Baba yake alikuwa mtumishi wa idara ya elimu, Misri kwanza, kisha Sudan. Dorothy mwenyewe alisomeshwa Uingereza, lakini alipokuja Khartoum kuwaona wazazi, rafiki wa familia, mkemia wa udongo A. F. Joseph, alimpa sanduku lenye kemikali na vipande vya madini. Binti akaokota madini meusi kwenye bustani ya nyumbani, akayapima, na kwa msaada wa Joseph ikajulikana kuwa ni ilmenaiti, yenye chuma na titani. Yule mzee hakumuuliza ataajiriwa wapi. Alimpa sanduku basi. Shuleni kwao Uingereza kemia ilikuwa somo la wavulana, yeye na msichana mwenzake mmoja wakaruhusiwa kuingia.

Kazi aliyoifanya maisha yake yote ilikuwa kutafuta namna atomi zinavyojipanga ndani ya fuwele. Sisi wa huku neno fuwele halitupi shida, maana tuna Nunge, kwenye mashamba ya chumvi. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye majaruba, jua linayakausha, yanahamishwa, jasi inatangulia kuganda, chumvi inafuata. Iangalie punje ya chumvi ile ya mawe, haijasagwa: ina pande bapa na kona za mraba. Hakuna aliyeichonga. Umbo lile ni atomi zilivyokaa humo ndani.

Kuziona atomi zenyewe kwa darubini ya kawaida haiwezekani, kwa sababu mawimbi ya mwanga ni mapana mno kwa kitu kidogo kiasi hicho. Mwaka 1912, Ujerumani, Max von Laue na wenzake walionyesha kuwa eksirei ikipita kwenye fuwele hutawanyika kwa mpangilio na kuacha madoa kwenye filamu. Mwaka uliofuata Lawrence Bragg, kijana wa miaka 23, alitumia madoa ya namna hiyo kupata mpangilio wa chumvi: kila sodiamu imezungukwa na klorini sita, kila klorini na sodiamu sita, na humo ndani hakuna jozi ya sodiamu na klorini unayoweza kuitenga ukasema hii ndiyo molekuli moja ya chumvi. Wapo waliokasirika. Miaka 14 baadaye mkemia mkongwe Henry Armstrong aliandika katika jarida la Nature akiikejeli hoja hiyo, kwamba chumvi sasa imegeuzwa ubao wa sataranji. Wazee wa taaluma nao wana vikao vyao.

Chumvi ilikuwa rahisi. Molekuli moja ya insulini, protini inayodhibiti sukari ya damu, ina atomi karibu 800, na filamu haikuambii kila kitu. Inakuonyesha ukali wa kila doa, lakini haikuonyeshi wimbi lilifika likiwa linapanda au linashuka. Nusu ya habari imepotea, na lazima uitafute kwa hesabu. Hodgkin alipiga picha yake ya kwanza ya fuwele ya insulini Oxford mwaka 1935. Mpangilio wake yeye na kundi lake waliupata mwaka 1969. Ni miaka 34.

Tuseme ukweli: huku kwetu, mtafiti wa mwaka wa 5 asiye na jibu tayari anaitwa amekwama, na mwaka wa 10 wanafunzi wake wanamcheka. Lakini Hodgkin hakukaa amekunja mikono. Wakati insulini ikiwa imemshinda, mwaka 1945 alipata umbo la penisilini, na kuonyesha pete ndogo ya atomi nne ambayo wakemia wakubwa walikuwa wanaikataa. Kisha vitamini B12, iliyochapishwa miaka ya katikati ya hamsini. Na hayo yote kwa vidole vilivyokuwa vinapinda kwa baridi yabisi iliyompata mwaka 1938.

Mwaka 1964 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia, peke yake bila wa kugawana naye. Habari zilimkuta Ghana, ambako mumewe Thomas, mwanahistoria wa Afrika, alikuwa akifanya kazi chuo kikuu. Gazeti moja la Uingereza likamtangaza kuwa ni mama wa nyumbani wa Oxford aliyeshinda Nobel. Mimi jambo linalonifurahisha zaidi ni kwamba tuzo ilifika mapema: lile swali lake la mwanzo, la insulini, lilikuwa bado lina miaka mitano mbele.

Sipendi habari hii ihubiriwe kama mawaidha ya subira. Subira peke yake haimfikishi mtu popote. Hodgkin alikuwa na nafasi ya kudumu ya kufundisha katika chuo cha Somerville, iliyomruhusu kuwa na swali gumu bila kufukuzwa. Alikuwa na familia iliyojiweza. Alikuwa na watu wa kumpa fuwele na watu wa kumfanyia hesabu. Kwa B12, sehemu kubwa ya hesabu ilifanywa na Kenneth Trueblood kwenye kompyuta huko Los Angeles, na mawasiliano yao yalikwenda kwa barua na simu ya maandishi. Kwa hiyo ninaposikia kwamba sisi hatuwezi kwa kuwa hatuna mashine, nabaki na mashaka. Yeye naye mashine ile hakuwa nayo.

Sasa tuje kwenye damu yetu. Kimelea cha malaria kikishaingia kwenye chembe nyekundu kinakula himoglobini, na mabaki yake, yaani himu yenye chuma, ni sumu kwa kimelea chenyewe. Kinachofanya ni kuipanga himu ile iwe fuwele ndogo za rangi ya kahawia zisizoweza kukidhuru tena. Mpangilio wa fuwele hizo ulichapishwa mwaka 2000. Klorokwini, ile dawa chungu iliyotuwasha mwili mzima, ilifanya kazi kwa kuizuia fuwele isikue, na kimelea kikafa kwa sumu ya chakula chake mwenyewe. Baadaye vimelea vikapata njia ya kuisukuma dawa nje, na mwaka 2001 Tanzania ikaiondoa kama dawa ya kwanza ya malaria.

Yaani fuwele muhimu kuliko hata za Nunge tumezibeba mwilini tangu utoto. Na Bagamoyo si mgeni wa sayansi ya malaria: Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo hapa, na watoto wa wilaya hii walishiriki majaribio ya chanjo za RTS,S na R21, ambazo zote zimekubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Ni heshima kubwa na naisema kwa fahari. Ila mtoto wa hapa ninayemtafuta ni yule atakayeuliza kwa nini fuwele ile inakua upande huu na si ule, akabaki na swali hilo hadi mvi. Fedha za utafiti haziji kwa mtindo huo. Zinakuja kwa mradi, mradi una mwisho wake, na ukiisha, swali linafungiwa kabatini pamoja na fulana zenye nembo. Sina taasisi ninayoinyooshea kidole. Ni utaratibu wenyewe, na sehemu kubwa tumeupokea kutoka kwa wanaotoa fedha.

Vijana wananiambia siku hizi kompyuta inabashiri maumbo ya protini kwa muda mfupi tu. Ni kweli, na nusu ya Nobel ya kemia ya mwaka 2024 ilikwenda huko. Lakini programu hizo zilijifunza kutokana na hazina ya maumbo iliyofunguliwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo saba, na sasa yamepita laki mbili, mengi yakiwa yamepatikana kwa fuwele na eksirei. Hazina hiyo ni ya bure. Umbo la insulini ambalo Hodgkin alilihangaikia miaka 34, binti wa kidato cha tano hapa Bagamoyo analizungusha kwenye simu, bando likiwepo. Tena si picha ya mapambo: insulini za kufanya kazi haraka wanazochoma wagonjwa wa kisukari leo zilitengenezwa kwa kujua molekuli zake zinashikana wapi, ili zibadilishwe zisishikane.

Wajomba nao wana haki ya kujibiwa. Kuna Mkemia Mkuu wa Serikali, kuna mamlaka ya dawa, kuna shirika la viwango. Viwanda vya saruji hukagua klinka, yaani mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji, kwa eksirei ileile ya akina Bragg, kwa kuwa saruji nayo sehemu yake kubwa ni fuwele. Kazi si nyingi, silifichi hilo. Na mfamasia naye, nasikia, siku hizi anazunguka na bahasha.

Ninachokitaka mimi kinaanzia chini zaidi ya chuo kikuu. Shule zetu za sekondari za hapa zipewe sanduku kama lile la Khartoum. Chumvi ya Nunge ya mawe, ambayo haijasagwa. Kipande cha jasi. Shabu, inayopatikana sokoni na kwa kinyozi yeyote. Ukiiyeyusha kwenye maji ya moto ukaning'iniza uzi na kuiacha bila kuitikisa, inatoa fuwele nzuri kuliko zote. Mrututu upo maduka ya pembejeo, ila huo ni sumu, hivyo ushikwe na mwalimu na usitoke maabara. Lenzi ya mkononi, daftari, na ruhusa ya kuacha glasi dirishani wiki tatu bila mtu wa zamu kuimwaga. Gharama yake yote haifikii kukodi spika za mahafali.